Mbuzi yenu imevunjika wapi?

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alinipigia simu usiku mmoja toka Tanga, saa nne hivi, anaongea kwa sauti ya chini kama mtu ambaye hataki waliopo sebuleni wamsikie. Dada ana ualbino. Alikuwa ameshachumbiwa na kaka mmoja ambaye naye ana ualbino, vikao vimeshakaliwa pande zote mbili, mahari imeshaongelewa, sasa kwenye kikao cha mwisho kuna shangazi katia neno kwamba hawa wakioana watazaa watoto wenye ualbino watupu. Mzee mwingine akamjibu sio lazima, yeye kuna familia anaijua, baba ana ualbino mama ana ualbino na mtoto wao wa kwanza katoka mweusi tii, na hapo ndo kikao kizima kikacheka kile kicheko ambacho kila mtu anajua maana yake, yaani huyo mama kuna mahali alipitia.

Dada akaniuliza, "Mdogo wangu, wewe umesomea haya mambo. Ikitokea mtoto wangu akawa mweusi, nitaaminiwa?"

Nikamwambia dada nipe mpaka kesho. Nilijua jibu lipo, tena nilijua lipo wapi, lipo kwenye kitu tulichofundishwa chuo mwaka wa pili, kinaitwa jaribio la kukamilishana, kitu ambacho mtihani wake nilifaulu vizuri tu ila sikuwahi kukaa nikakielewa. Usiku ule ndo nilikielewa kwa mara ya kwanza, kwa sababu sasa kulikuwa na mtu anasubiri jibu.

Ngoja nianze na hamira, mana mi ndo nilipoanzia.

Hamira ni hii hii ya maandazi, ni kiumbe hai, na maabara kuna mbegu zake ambazo jeni moja, yaani agizo moja la urithi ndani ya DNA, imeharibika kiasi kwamba zinashindwa kujitengenezea adenini, ambayo ni moja ya zile herufi nne za DNA. Zikikosa kuitengeneza kuna takataka ya njiani inajazana ndani ya seli na inageuka nyekundu, kwa hiyo badala ya vile vidoa vyeupe vya rangi ya maziwa unapata vidoa vyekundu, rangi kama ya juisi ya rosela iliyokolea. Tulipewa mbegu kadhaa, zote nyekundu, ukiziangalia kwa macho hamna tofauti kabisa. Mwalimu akauliza swali moja tu: hawa wagonjwa wote wana dalili moja, je ugonjwa wao ni mmoja?

Namna ya kujibu ni rahisi mpaka inashangaza. Hamira zina jinsia mbili, moja inaitwa a na nyingine alfa, na zikiwa peke yake kila seli ina seti moja tu ya jeni zake. Unachukua kijiti cha meno, unachora mstari wa mbegu moja kwenye pleti ya aga, ile jeli ya kuoteshea, kwenda hivi, halafu kijiti kingine unachora mstari wa mbegu ya pili ukikatisha ule wa kwanza, kama msalaba. Pale mistari inapokutana seli za a na za alfa zinaungana, zinakuwa seli moja yenye seti mbili za jeni, moja ya huku moja ya kule. Unaacha zilale. Kesho yake unachukua kitambaa cha mahameli kilichochemshwa, unagandamiza juu ya pleti, vinyweleo vyake vinachukua seli kidogo kidogo, unaenda kugandamiza kwenye pleti nyingine ambayo haina adenini kabisa, halafu unasubiri.

Pleti yetu nakumbuka niliishika juu ya dirisha nikiangalia mwanga upite. Mistari yote ilikuwa imekufa, hamna kitu, ila kwenye makutano mawili kati ya manne kulikuwa na kidoa cheupe kinene kimejaa vizuri. Nyekundu na nyekundu zimezaa nyeupe. Na kwenye yale makutano mengine mawili hamna kilichoota, nyekundu na nyekundu zimebaki wagonjwa vile vile. Mi niliandika kwenye daftari "zinakamilishana" na "hazikamilishani", nikapewa maksi, nikaondoka. Ndo hivyo nilivyopita na kitu kikubwa namna hii bila kukiona.

Sasa usiku ule nimelala naangalia dari nikamkumbuka mama mkubwa na nazi zake.

Chukua nyumba mbili za jirani, zote hazipiki wali wa nazi. Ukiuliza unaambiwa tui hamna. Dalili moja. Lakini nyumba ya kwanza tui hamna kwa sababu mbuzi imevunjika, nazi haikuniki, kifumbu wanacho kizima. Nyumba ya pili mbuzi ipo nzuri tu, kilichooza ni kifumbu, wanakuna nazi halafu hawana cha kukamulia. Waweke hawa kwenye jiko moja, mbuzi inatoka huku kifumbu kinatoka kule, tui linapatikana, tena zito. Ila kama nyumba zote mbili kilichovunjika ni mbuzi, hata uwaweke jiko moja mwaka mzima tui halitoki, mtakuwa na vifumbu viwili na hamna nazi iliyokunwa.

Hilo ndo jaribio lenyewe lote. Unachukua vitu viwili vilivyoharibika na vinaonekana vimeharibika kwa namna moja, unaviweka jiko moja, unaangalia kama tui linatoka. Likitoka, basi kila mmoja aliharibikiwa kitu tofauti na mwenzake ndo kamfidia. Lisipotoka, wameharibikiwa kitu kile kile. Huhitaji hata kujua mbuzi inafananaje, huhitaji kuwa umewahi kuona kifumbu, unaweza ukawa umesimama nje ya nyumba unasikilizia harufu tu na bado ukajua vyombo vinavyohitajika ni vingapi. Hapa ndo huwa nanyamaza kidogo kwa heshima, mana watu walikuwa wanahesabu jeni kwa njia hii kabla hawajajua jeni imetengenezwa na nini.

William Bateson na wenzake pale Cambridge, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20, walikuwa na maua ya njegere za harufu, aina mbili, zote nyeupe. Wakazikutanisha. Watoto wote wakatoka zambarau. Halafu wale zambarau walipozaana wenyewe kwa wenyewe, kwenye kila 16 wakapata zambarau 9 na weupe 7. Hiyo 9 kwa 7 ni mbuzi na kifumbu kabisa, mana anayetoa rangi ni yule tu aliyebahatika kupata mbuzi nzima angalau moja na kifumbu kizima angalau kimoja, wengine wote, wawe wamekosa hiki au kile au vyote, wanaonekana weupe sawasawa.

Halafu kuna huyu Seymour Benzer, mtu wa fizikia aliyehamia kwenye biolojia, alikuwa chuo cha Purdue kule Indiana, Marekani, miaka ya 1950. Yeye alitumia virusi vinavyokula bakteria, vinaitwa T4. Alikuwa na mutesheni, yaani vilema vya jeni, kibao za eneo moja linaloitwa rII, zote tabia moja, zinapasua bakteria wa aina moja vizuri tu ila zikiingia kwenye bakteria wa aina nyingine zinashindwa. Akawa anachukua virusi viwili wagonjwa anaviingiza kwa pamoja ndani ya bakteria yule mgumu, anaangalia kama bakteria atapasuka. Mutesheni zake zikajigawa makundi mawili tu, A na B. Wa A na wa A hawasaidiani, wa B na wa B hawasaidiani, wa A na wa B wanasaidiana. Mwaka 1957 akalipa jina hilo fungu la kazi, akaliita sistroni, kutokana na maneno mawili, sisi (cis, sio sisi ya mimi na wewe) na transi (trans). Na hapa pana uzuri wake, mana hiyo transi ni pale kila nyumba ina kilema chake, na sisi ni pale vilema vyote viwili viko nyumba moja na jirani yake ni mzima kila kitu. Kwenye sisi lazima tui litoke, kwa sababu jirani ana vyombo vyote. Sasa kama kwenye sisi linatoka na kwenye transi halitoki, hapo ndo una uhakika kwamba tatizo sio wingi wa vilema, tatizo ni kwamba vyote vimepiga chombo kimoja.

Nadhani wengi wetu, na mimi nikiwemo, tulikwama hapa kwa sababu tulifundishwa jaribio kama jedwali la alama za kujumlisha na kutoa, badala ya kuambiwa ni swali. Swali lenyewe ni: mbuzi yenu imevunjika wapi?

Turudi kwa dada.

Ualbino sio kitu kimoja. Ili ngozi na nywele zipate rangi kuna jeni nyingi zinafanya kazi kwa pamoja, ikifa yoyote kati ya zile muhimu rangi inapotea au inabaki kidogo. Kuna jeni ya TYR iko kwenye kromosomu ya 11, hii inatengeneza kimeng'enya cha tairosinesi ambacho ndo kinaanzisha kazi ya kutengeneza rangi. Kuna jeni ya OCA2 iko kromosomu ya 15, hii protini yake inakaa kwenye kuta za vile vifuko vya rangi ndani ya seli na inaviweka katika hali ambayo kimeng'enya kinaweza kufanya kazi. Na ziko zingine. Mtu mwenye ualbino wa TYR kopi zake zote mbili za TYR ni mbovu ila OCA2 yake ni nzima, na mwenye ualbino wa OCA2 ni kinyume chake. Wakizaa, kila mtoto anapewa furushi moja la vyombo na baba na furushi moja na mama, kwa hiyo anapata TYR nzima moja toka upande huu na OCA2 nzima moja toka upande ule. Tui linatoka. Mtoto anazaliwa na rangi yake kamili, na mama yake hakupitia popote.

Hii sio nadharia ya ubaoni. Mwaka 1952 daktari wa macho wa London, Patrick Trevor-Roper, alichapisha kwenye jarida la madaktari wa macho la Uingereza habari ya mume na mke ambao wote wana ualbino kamili na watoto wao wana rangi ya kawaida. Kwa hiyo jambo limeandikwa na kuchapishwa zaidi ya miaka 70 iliyopita, na bado kwenye kikao chetu Tanga watu wazima wanacheka mama wa watu. Nilikasirika, nisiseme uongo. Ni wanawake wangapi wamefukuzwa na mtoto mgongoni kwa sababu hamna aliyekuwepo pale wa kuwaeleza hivi tu, mbuzi na kifumbu?

Ila nilipompigia dada kesho yake ilibidi nimwambie na upande wa pili, mana aliniomba ukweli.

Kwetu huku wenye ualbino wengi ni wa OCA2. Na sio OCA2 tu, wengi wana kilema kile kile kabisa, kipande cha DNA cha herufi kama 2,700 kimekatika ndani ya hiyo jeni. Mwaka 1995 Richard Spritz na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa wa Tanzania na wakakikuta kipande hicho hicho kimekosekana kwa sehemu kubwa sana ya jeni walizopima, na kimekutwa pia Zimbabwe, Afrika Kusini, Kameruni, kimekatika pale pale mwanzo na mwisho, maana yake wote tumekirithi toka kwa mzee mmoja wa kale sana ambaye hata yeye hakujua anacho. Kwa hiyo wale wa London mmoja ilivunjika mbuzi mwingine kilioza kifumbu, lakini ukiwachukua wawili wenye ualbino hapa Tanga au Mwanza, uwezekano mkubwa ni kwamba wote imevunjika mbuzi, tena mguu ule ule. Hawakamilishani. Watoto wote watakuwa na ualbino.

Dada alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekata. Halafu akasema, "Kwa hiyo shangazi yuko sahihi." Nikamwambia shangazi yuko sahihi kwa kukisia, na yule mzee naye yuko sahihi, na waliocheka ndo hawako sahihi. Akasema, "Na mimi na shemeji yako tukitaka kujua kabisa?" Nikamwambia siku hizi wanasoma DNA moja kwa moja, hakuna haja ya kukisia, shida ni kukipata hicho kipimo na kukilipia. Bila hicho, jaribio lenu ni mtoto.

Sentensi hiyo nilijuta kuitoa. Hamira unazikutanisha, unasoma pleti, unatupa. Binadamu hatuzaani kwa ajili ya jedwali. Ndo maana nawapenda sana wale waliotafuta njia ya kuuliza swali hili bila kusubiri mtu azae. Pale Rotterdam, Uholanzi, mwaka 1972, kundi la Dirk Bootsma lilikuwa linahangaika na ugonjwa wa zeroderma, ambao ngozi ya mtoto haiwezi kujirekebisha ikipigwa na mionzi ya jua, saratani inaanza akiwa bado mdogo kabisa. James Cleaver alishaonyesha mwaka 1968 kwamba seli zao zinashindwa kukarabati DNA. Sasa wale wa Rotterdam wakachukua seli za ngozi za wagonjwa wawili tofauti, wakaziunganisha pamoja kwa kutumia virusi vya Sendai vinavyofanya tando za seli zishikane, wakapata seli moja yenye viini viwili, kiini cha mgonjwa huyu na kiini cha mgonjwa yule ndani ya jiko moja. Wakazipiga mionzi, wakaangalia. Baadhi ya jozi zikaanza kukarabati DNA zao kama seli nzima. Wagonjwa wawili ambao kila mmoja peke yake hawezi, kwenye seli moja wanaweza. Baada ya miaka makundi yakafika saba, A mpaka G, na moja la pembeni, na kila herufi ikaja kugundulika ni jeni yake. Hamna mtoto aliyezaliwa kwa ajili ya kujibu lile swali.

Kuna sehemu jaribio linadanganya na ni vizuri uzijue. Kwanza linafaa kwa vilema vinavyojificha tu, vile ambavyo kopi moja nzima inatosha kuvifunika. Kama kilema chenyewe ni cha kutawala, ni sawa na jirani ambaye hakupungukiwa chombo ila anakuja na mafuta ya taa anamimina kwenye sufuria, hapo hata uwe na mbuzi kumi wali hauliki, na huwezi kujua lolote kuhusu vyombo. Pili, kuna wakati vilema viwili vya jeni moja vinasaidiana japo havitakiwi. Fikiria mbuzi mbili zote mbovu, moja chuma chake kimeisha meno ila kigoda ni kizima, nyingine kigoda kimepasuka ila meno makali, fundi mwenye akili akizikuta pamoja anaunga anapata mbuzi moja ya kukunia. Protini nyingi zinafanya kazi zikiwa zimeshikana mbili mbili au nne nne, kwa hiyo hilo linatokea kweli, tui linatoka jembamba, na wewe unaandika jeni mbili kumbe ni moja. Na kwenye hamira unaweza pia kudanganywa na chakula, ukiweka adenini nyingi kwenye aga ile rangi nyekundu haitokei kabisa, kundi la jirani yetu walikaa siku nne wanasubiri wekundu ambao hauji kwa sababu pleti zao zilikuwa tamu mno.

Na kwa wale mtakaouliza kuhusu wazazi wote weusi wanaozaa mtoto mwenye ualbino, hiyo sio kukamilishana, hiyo ni kila mzazi kuwa na mbuzi moja nzima na moja mbovu, na mtoto kapewa mbovu zote mbili. Takwimu inayotajwa sana kwa Dar es Salaam ni mtu mmoja mwenye ualbino kati ya 1,400 hivi, ukipiga hesabu hapo unakuta karibu mmoja kati ya kila watu 19 amebeba kopi moja mbovu na hajui. Hesabu kwenye daladala uliyopanda. Kwa hiyo na huyo mama naye hakupitia popote.

Dada aliolewa. Siku ya kikao kingine aliniweka kwenye spika ya simu nikaelezea wazee, mbuzi na kifumbu, wa London na wa Tanga, yule shangazi akauliza maswali matatu mazuri kuliko yangu yote ya chuo. Aliyecheka kwa nguvu siku ile hakusema kitu, ila mwishoni aliomba nirudie ile habari ya furushi mbili, nikarudia.

Mtoto alizaliwa kipindi cha kaskazi. Wa kike, nywele za dhahabu, ana ualbino kama baba na mama. Nilienda Tanga na kofia pana za ukubwa tatu tofauti ili akikua asikose, na chupa za Kilisun, yale mafuta ya jua yanayotengenezwa Moshi, za dada na shemeji. Nilimkuta mama mkubwa uani amekalia mbuzi anakuna nazi, na dada amekaa mkekani chini ya mwembe na mtoto mapajani. Alinitazama akatabasamu akasema, "Imevunjika pale pale, mdogo wangu." Halafu jua likapenya kwenye majani likaangukia mguu wa mtoto, dada akauvuta mkeka nyuma kidogo, akakaa tena, na kila jua liliposogea naye alisogea.